Ushauri: Shule yetu Kisauni yataka kuonyesha filamu Ijumaa ya kufunga shule, tunahitaji kibali gani?

Mwalimu_Kisauni

Hamjambo jamani. Nafundisha Kiswahili shule ya upili hapa Kisauni, Mombasa, na ndimi mlezi wa klabu ya filamu. Ijumaa ya kufunga shule tumepanga kuonyesha filamu kwenye ukumbi wa maakuli. Projekta tunayo, spika tutaazima kwa jamaa wa mitambo ya harusi.

Tutaanza na filamu kutoka akaunti yangu ya Netflix, kisha kipindi cha mjadala nilichorekodi kwenye runinga, tumalize na filamu fupi ya kijana mmoja wa Mji wa Kale. Wazazi wamealikwa. Kila mwanafunzi atatoa shilingi 50 tununue pazia, maana la sasa ni shuka ya bweni.

Jana naibu mwalimu mkuu akaniuliza, "Kibali kiko wapi?" Nikamwambia Netflix nalipia mwenyewe kila mwezi. Akacheka. Mwenzangu wa Hisabati asema tumeonyesha miaka yote na hajaja mtu. Mhasibu naye adai tukilipa MCSK, wale wa hakimiliki za muziki, yamekwisha. Nimsikilize nani?

Mtoto_wa_Likoni

Mwalimu onyesha tu wallahi. Watu wanatazama muvi za flashi kwenye feri mpaka ng'ambo, nani ameshikwa?

Bi_Sheria

Mtoto wa Likoni, wa feri anatazama simu yake peke yake. Mwalimu anakusanya ukumbi mzima na mlangoni kuna kiingilio. Usiyachanganye hayo.

Mwalimu, salaam. Naibu wako ndiye aliyeuliza la maana. Pesa unazolipa kila mwezi ni za wewe na watu wa nyumbani kwako kutazama. Kuionyesha kazi hadharani ni haki nyingine, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyofanyiwa marekebisho 2019, inamwachia mwenye filamu. Ni kama umepanga chumba: walala humo, lakini huwezi kukifanya gesti.

Mhasibu naye amechanganya mambo. MCSK ni ya watunzi wa muziki, KAMP ya watayarishaji wa rekodi za sauti, PRISK ya waimbaji na waigizaji. Zile spika za harusi zikipiga nyimbo wakati wa mapumziko, hapo mtaongea na mashirika ya muziki yenye leseni kwa wakati huo. Ruhusa ya filamu hutoka kwa mwenye filamu au wakala wake, na risiti ya muziki haiigusi.

Kuna mlango sheria imewafungulia walimu, ila ni mwembamba. Matangazo yaliyokusudiwa mafunzo ya utaratibu yanaweza kurekodiwa na kutumiwa kufundishia katika shule iliyosajiliwa. Vipindi vya masomo vya KICD, taasisi ya mitaala ya shule, vinapita hapo bila shida. Kipindi chako cha mjadala hakikutengenezwa kwa ajili ya masomo, kwa hivyo hakipiti. Unachoweza ni kuchukua kipande kifupi darasani mkakihakiki, ukataja kimetoka wapi. Kukiweka kizima mbele ya wazazi wanaokunywa soda si uhakiki.

Na huyo wa Hisabati: kuonyesha hadharani bila ruhusa ni kosa la jinai, isipokuwa uthibitishe ulifanya kwa nia njema na hukuwa na sababu ya kushuku kuwa unavunja haki ya mtu. Wewe umeshauliza hapa mbele ya watu, hilo la "sikujua" limekuponyoka 😄

Mzee_wa_Majengo

Nilikuwa na banda la video Majengo enzi za kanda, kwa hivyo sikilizeni mtu aliyeumwa na nyoka. Ruhusa ya mwenye filamu ni jambo moja. Jambo la pili ni KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, ambao hukagua filamu na kuiwekea daraja: GE ya wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, halafu 16 na 18. Mimi nilikuwa na karatasi ya ukaguzi nikadhani nimemaliza. Siku moja akaja mtu na barua ya mwenye filamu, tukaonana vizuri sana! Unaweza kuwa na moja ukakosa nyingine. Na madarasa ya chini wana miaka 14, 15, usiwawekee ya 16 kwa sababu eti ina mafunzo.

Vilevile usinunue za kunakiliwa kwenye flashi pale mjini. Diski halali hubandikwa stika ya KECOBO, bodi ya hakimiliki. Hata hiyo yenye stika, ni ya kutazamwa nyumbani.

Mtoto_wa_Likoni

Basi YouTube. Ile ni bure.

Bi_Sheria

Bure kwako na kwa simu yako. Masharti yao yanakataza waziwazi kuonyesha video hadharani. Muulize mwenye chaneli, wengi hukubali wakiombwa.

Dada_wa_Mtopanga

Kwetu ni Mtopanga lakini nafundisha Leicester. Huku Uingereza sheria ya 1988 husema filamu ikionyeshwa kwa wanafunzi na walimu kwa ajili ya somo haihesabiki kuwa onyesho la hadharani. Akiingia mzazi, mambo yanabadilika, na filamu ya kujifurahisha inataka leseni yake. Hilo la wazazi lilinishangaza mwaka wangu wa kwanza. Msiichukue sheria ya huku mkaitumia Kisauni, nasema tu kwamba hata penye nafuu wazazi ndio hutibua hesabu.

Ila mwalimu, kuhusu Netflix usikate tamaa mapema. Wana baadhi ya filamu zao za hali halisi ambazo wameruhusu zionyeshwe kwa elimu. Si zote. Ingia kwenye ukurasa wa filamu yenyewe utafute maelezo ya ruhusa. Unafungua kwa akaunti yako, unaonyesha mara moja, si leo na kesho na mtondo. Na hakuna kiingilio wala mchango wowote. Ile 50 yako inaua ruhusa yote.

Mwalimu_Kisauni

Shukran sana, nimeelimika. Kiingilio nimekifuta. Huyu kijana wa Mji wa Kale nimwandikieje? Naona haya kuomba kazi ya mtu bure.

Kamera_Kibokoni

Usione haya, sisi tunapenda kazi zetu zionekane. Kinachotuudhi ni kusikia kwa watu kwamba filamu yetu imeonyeshwa mahali. Taja jina la filamu, tarehe, ukumbi, watazamaji wangapi, kama kuna kiingilio, na kama mtairekodi. Mistari sita yatosha. Usiandike "tutakutangaza", hiyo tumeishiba.

Halafu uliza muziki! Mimi kuna wimbo kwenye filamu yangu ambao mtunzi aliniruhusu kwa matamasha pekee. Shule ikiniomba lazima nimrudie kwanza. Vijana wengi hawakumbuki hilo mpaka waulizwe.

Na mwalikeni aje mwenyewe ajibu maswali ya wanafunzi. Nauli ya tuktuk na sahani ya pilau, hatukatai.

Mzee_wa_Majengo

Pilau iwe na nyama lakini.

Mwalimu_Kisauni

Narudi na habari. Filamu ya Netflix niliyoitaka haikuwa na ruhusa, nimepata nyingine ya hali halisi yenye ruhusa. Nitaionyesha Alhamisi kwa kidato cha tatu darasani, kama somo, bila wazazi. Kipindi cha mjadala tutatazama dakika nne tukichambua hoja za wazungumzaji.

Ijumaa ni filamu ya yule kijana. Alijibu usiku uleule, na cheti cha KFCB anacho, PG. Wimbo wa mwisho ni wa rafiki yake wa Bondeni, ambaye alituma sauti ya WhatsApp akisema "sawa tu mwalimu". Naibu akaikataa, akataka maandishi. Leo asubuhi yamefika, nimeyachapisha na kuyaweka kwenye faili.

Pazia litasubiri mkutano wa wazazi. Ijumaa hii matroni ametupa tena ile shuka, kwa sharti tuirudishe imefuliwa.