Kiinitete cha kuku kinakufa kila nikitoboa dirisha kwenye yai, wakuu nisaidieni

Zuo_mwaka3:
Habari wakuu. Projekti yangu ni moyo wa kuku unavyoanza kutengenezwa kwenye kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai), nataka siku ya tatu nikate ganda nione unapiga alafu nifunike niendelee kukifuatilia. Shida nikikata tu kiini kinapasuka au mishipa inachanika, na vinavyopona asubuhi vimekufa. Mayai ni ya mfugaji mwenye jogoo, inkubeta iko 37.5, maji nimeweka. Tatizo liko wapi?

Fundi_Maabara:
Mkuu ulivuta ute kwanza? Hujasema. Kiinitete kinaelea juu kabisa ya kiini, kinakuwa kimebanana na ganda, sasa mkasi ukiingia tu unakutana na mishipa. Lilaze yai ubavu tangu unaliweka kwenye inkubeta, weka alama ya penseli juu, usiligeuze tena. Siku ya pili hivi futa ganda na spiriti ya 70%, toboa tundu ncha butu, ingiza sindano ielekee chini isiguse kiini, vuta ute kama mililita 3, ukiona njano kwenye bomba hilo yai limeshaenda. Kiini kitashuka, hapo ndo unabandika selotepu juu na kukata na kimkasi kilichopinda, selotepu inashika vipande vya ganda visidondokee ndani. Ukishaona funga dirisha na tundu la sindano kwa selotepu mpaka pabane kabisa, usiogope kitapumua kupitia ganda lililobaki. Hivyo vinavyokufa usiku naona vinakauka, au bakteria wameingia.

Dada_Embrio:
Fundi kamaliza kwenye dirisha ila mdogo wangu kama unataka moyo UNAVYOANZA siku ya tatu umechelewa sana, unaanza kupiga kwenye masaa 33 mpaka 36, na kabla ya hapo ndo utamu wenyewe upo, seli za moyo za pande mbili zinakuja kuungana katikati kuwa mrija mmoja. Kwa hatua hizo kitoe kiinitete nje ya yai. Pasua yai la kama masaa 18 kwenye bakuli, pangusa taratibu ute mzito ulio juu ya kiinitete (ukiubakiza karatasi haishiki), lalisha karatasi ya kuchujia yenye tundu katikati, kata utando wa kiini kuizunguka karatasi, nyanyua, geuza tumbo liangalie juu kwenye sahani ya agari (jeli ya maabara) iliyochanganywa na ute mwepesi. Njia hii ilitoka 2001, kabla yake watu walitumia pete ya kioo ya mtafiti anaitwa New, ya 1955, ngumu kweli kwa mikono. Unapata siku moja mpaka mbili, darubini inaona kila kitu. Na kwenye ripoti usiandike masaa peke yake, andika hatua za Hamburger na Hamilton (zinapima ukuaji kwa umbo la kiinitete, sio kwa saa), ziko 46, maana yai lililokaa kwenye baridi linaanza kwa kuchelewa.

Zuo_mwaka3:
Ubarikiwe sana dada. Nikitaka na seli za moyo zenyewe nizikuze pembeni inawezekana?

Fundi_Maabara:
Inawezekana ila anza na faibroblasti (seli za tishu unganishi) ndo ngumu kuua. Chukua kiinitete cha siku 10, ondoa kichwa, miguu na vya tumboni, katakata kinachobaki, weka tripsini (kimeng'enya kinachoachanisha seli) kwenye joto, chuja, mwaga kwenye midia (maji ya virutubisho vya seli) yenye seramu. Kesho yake utakuta zimeshika chini ya sahani. Moyo njia ni hiyohiyo ila tripsini iwe ya muda mfupi mfupi, kila ukivuta seli ziwahishe kwenye seramu.