Maneno ya Kiingereza yaliyosahaulika: je, yana nafasi darasani?

Mwalimu wa Mikindani

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Mikindani, na nina jambo ambalo limenishika kwa wiki kadhaa sasa. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukihamisha vitu vya marehemu babu, tulifungua sanduku la mbao alilorudi nalo kutoka Nachingwea, ambako alikuwa karani wakati wa ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa miaka michache baadaye. Chini ya madaftari ya hesabu kulikuwa na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, iliyoliwa na mchwa kuanzia mwanzo hadi katikati ya herufi C, na pembeni mwa baadhi ya maneno babu alikuwa ameweka alama ndogo za penseli ya buluu. Nilianza kuzifuata alama zile, na tangu siku hiyo silali mapema.

Alama ya kwanza iliyonisimamisha ilikuwa kwenye neno "sennight". Sote tunalijua "fortnight", yaani majuma mawili, lakini sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Kumbe ni ufupisho wa maneno yenye maana ya usiku kumi na nne, na "sennight" ni ndugu yake, usiku saba, yaani juma moja, kwa kuwa Waingereza wa kale walihesabu siku kwa usiku. Mmoja wa ndugu hao wawili bado anatumika kila siku, na mwenzake hata walimu hatumjui. Alama nyingine ilikuwa kwenye "ruth", ambalo maana yake ni huruma. Nimefundisha "ruthless" kwa miaka 11 kama tonge lisilomegeka, nikiwataka wanafunzi wakariri kwamba ni mtu katili, kumbe ndani yake mna neno zima lililozikwa, na maana yake ni asiye na huruma.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza vizuri. Hata hivyo, nilipowasimulia wenzangu ofisini, mmoja wao aliniambia kwamba wanafunzi wetu hawajayamudu hata maneno yanayotumika, sembuse yaliyoachwa. Hoja yake ina uzito, na ndiyo sababu nauliza: je, ni busara kuyapeleka maneno haya kidato cha tatu, na kama ni busara, niyachague kwa kigezo gani?

Wa Bandarini, Mtwara

Mwalimu, pole na kazi. Mimi si mtu wa lugha, ila nimefanya kazi bandarini kwa miaka mingi, na swali lako limenikumbusha neno moja ambalo wanafunzi wa pwani wangelifurahia.

Kazini tunatumia "starboard" kwa ubavu wa kulia wa meli na "port" kwa ubavu wa kushoto. Zamani ubavu wa kushoto uliitwa "larboard". Nilipokuwa kijana niliambiwa nikariri tu, na ni baada ya miaka mingi ndipo nilipojifunza kwamba vyombo vya kale vya Ulaya ya kaskazini viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni upande wa kulia, na kwamba "starboard" maana yake ni ubavu wa usukani. Kwa kuwa kasia hilo lingevunjika kama lingebanwa na gati, chombo kiliegeshwa kwa ubavu wa kushoto, na mizigo ikapakiwa upande huo. Tatizo likawa la sikio: katikati ya upepo na mawimbi, "starboard" na "larboard" yanafanana mno, na nahodha anayesikiwa vibaya anaweza kupoteza chombo na watu wake. Mwaka 1844 Jeshi la Majini la Uingereza likaamuru kwamba "larboard" lisitumike tena na mahali pake likae "port". Neno hilo halikufa kwa uzee, mwalimu. Liliondolewa kwa amri.

Wazee wa majahazi hapo Mikindani hupita njia nyingine kabisa. Kwao chombo kina upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda upepo, na tanga linapogeuzwa pande hizo nazo hubadilika. Vijana wa boti za mashine wanasema kulia na kushoto, na sidhani kama wote wanalijua neno joshi. Wapeleke wanafunzi wako ufukweni wakaulize kabla wazee hawa hawajaondoka.

Binti wa Newala

Mwalimu, nami nafundisha, na nakuunga mkono kwa moyo wote, lakini naomba nikutahadharishe. Orodha nyingi za maneno ya ajabu zinazozunguka kwenye simu zimejaa maneno ambayo hapana Mwingereza aliyewahi kuyasema akiwa sokoni au akimlaza mtoto.

Chukua "apricity", linalopendwa sana katika orodha hizo. Maana yake ni joto la jua wakati wa baridi, na limo katika kamusi ya maneno magumu aliyoichapisha Henry Cockeram mwaka 1623. Enzi hizo wasomi walikuwa wakiyaunda maneno mengi kutoka Kilatini ili kukitajirisha Kiingereza, na baadhi yake yaliishia kuishi ndani ya kamusi tu. Kigezo changu, kwa hiyo, ni kuuliza ni nani aliyelitumia neno katika sentensi yake mwenyewe, akiwa na jambo la kusema. "Sennight" linapita mtihani huo bila shida, maana limo hata katika tamthilia za Shakespeare. "Apricity" linapita kwa taabu.

Pamoja na hayo, siwezi kuficha kwamba nalipenda. Huku juu, mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ukungu hufunika uwanda wote wa Makonde, na unapofunguka utawaona wazee wametoa vigoda vyao wamekaa ukutani upande wa mashariki, wamejifunga kanga na mablanketi, wanaota jua. Kitendo kilichomfanya msomi wa Kiingereza aende kuazima Kilatini, sisi tunakisema kwa kitenzi kilekile tunachokitumia kwa moto. Nilipowaeleza wanafunzi wangu hivyo, hapana aliyelisahau neno lile.

Mkazi wa Masasi

Naomba niongeze neno moja ambalo si tamu. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928. Mhariri wake, James Murray, na wasaidizi wake walikusanya mamilioni ya vikaratasi vya mifano vilivyotumwa na watu wa kujitolea, na katika wingi huo vikaratasi vya "bondmaid" vilipotea, neno likakosekana mahali pake, hadi lilipoingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Maana yake ni mjakazi. Mimi naishi Masasi, mji ambao misheni yake ilianzishwa mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa utumwani, na niliposoma kwamba hilo ndilo neno lililosahaulika kati ya maelfu yote yale, niliinuka nikatoka nje kidogo. Wafundishe na hilo, mwalimu.

Mwalimu wa Mikindani

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Jumatatu nilijaribu. Nilianza na "overmorrow", ambalo pembeni mwake babu aliandika kwa penseli "kesho kutwa", nikaeleza kwamba Waingereza walikuwa nalo katika karne ya 16 wakaliacha, na leo wanahitaji maneno manne kuitaja siku hiyo, wakati sisi tunayo kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Nusu ya darasa hawakulijua mtondogoo, wakaliandika haraka haraka.

Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama 'ruth' ni neno lililojificha, kutwa nayo ni nini?" Sikuwa na jibu. Nililitafuta usiku ule, nikakuta kwamba kutwa ni kuchwa, yaani jua kuzama, na kwamba mchana kutwa ni mchana hadi jua linapozama, kama vile usiku kucha ni usiku hadi kunapokucha. Kesho yake nilipowaeleza, binti yule alitoa mfukoni bahasha ndogo ya dawa aliyopewa zahanati, akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake: vidonge viwili, kutwa mara tatu.