Chukudu ya mzigo inakataa kusimama: hesabu yangu inasahau nini?

Mwana_Ndosho
Habari zenu wakubwa. Tumesoma sheria tatu za Newton, na kwenye hesabu ya mteremko masi inajifuta: kizito na chepesi vinashuka kwa mchapuko mmoja (ile darasani tunaita akselerasyo). Lakini hapa Goma kila mtu anaona chukudu tupu (skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo) ikisimama mara moja, na ile ya makala (makaa) ikiendelea kuteremka hata freni ikikanyagwa kwa nguvu zote. Nimekosea wapi?

Fundi_Birere
Ndugu, hukukosea, umesahau freni. Freni ni kipande cha mpira kinachobanwa na mguu juu ya gurudumu la nyuma. Ukipakia kilo 300 za makala, mguu hauongezeki nguvu. Tena mzigo una inersia, na inersia hiyo ndiyo inasukuma chukudu mbele.

Mwalimu_Himbi
Fundi, kuhusu freni umesema kweli tupu. Lakini inersia haisukumi kitu. Ni ugumu wa masi kubadilisha mwendo wake, basi. Kinachovuta kwenda chini ni uzito.

Kijana, chukua mteremko unaoshuka mita 6 kila mita 100. Chukudu, dereva na makala: kilo 400. Uzito ni 400 × 9.8 = nyutoni 3920, na sehemu inayovuta kufuata mteremko ni karibu 235. Magurudumu na rulema (beringi) zinazuia, tuseme asilimia 2 ya uzito, yaani 78. Zinabaki nyutoni 157 za kukimbiza chukudu. Bila mzigo (kilo 100) zinabaki 39 tu. Gawanya kila moja kwa masi yake: zote mbili 0.39 m/s². Hapo masi imejifuta kama ulivyosema.

Sasa freni. Mguu ukibana kwa nyutoni 350, na msuguano wa mpira ukiwa 0.6, unapata 210. Namba hii haina masi ndani yake, kwa hiyo haijifuti.

Tupu: 210 − 39 = 171, gawanya kwa 100, unapunguza 1.71 m/s². Kutoka mwendo wa 8 m/s (karibu kilomita 29 kwa saa) unasimama ndani ya mita 19.

Yenye mzigo: 210 − 157 = 53, gawanya kwa 400, unapata 0.13 m/s². Kutoka mwendo ule ule unahitaji mita 240 hivi. Mzigo umekupiga mara mbili: umekula sehemu kubwa ya freni, halafu kidogo kilichobaki kinagawanywa kwa masi kubwa.

Fundi_Birere
Asante Mwalimu, hilo la inersia nimelipokea. Niongeze la mvua. Mpira ukilowa, msuguano unaweza kushuka hadi 0.3. Freni inatoa 105, mteremko unataka 157. Maana yake hata ukibana mpaka mwisho, mwendo unazidi kuongezeka! Ndiyo sababu ya kuanza kubana juu kabisa, kabla ya mwendo kupanda, na mvua ikinyesha kusubiri ikatike au kupunguza mzigo. Hata kwenye ukavu, kushuka kilomita 1 bila kuongeza mwendo kunaacha jouli 157,000 za joto, karibu zote pale mpira unaposugua. Mpira ukianza kunuka, simama uupoze.

Na kamba: chukudu ikigonga jiwe la lava, mbao zinasimama lakini mifuko inaendelea na mwendo wake, hiyo ni sheria ya kwanza. Funga kamba izuie mzigo kwenda mbele, si kuubana chini peke yake.

Mwana_Ndosho
Nimeelewa, asanteni sana. Basi tukiweka pedali ya freni yenye mkono mrefu, ibane kwa nguvu mara tatu?

Mwalimu_Himbi
Wazo zuri. 350 × 3 × 0.6 = 630. Ondoa 157, gawanya kwa 400: 1.18 m/s², unasimama ndani ya mita 27. Lakini kuna mpaka mwingine, gurudumu lenyewe na barabara. Kinachosimamisha chukudu ni barabara kulisukuma gurudumu kurudi nyuma, sheria ya tatu. Ikiwa nusu ya uzito iko nyuma na msuguano wa barabara ni 0.5, yenye mzigo inavumilia nyutoni 980. Tupu inavumilia 245 tu, kwa hiyo pedali hiyo ikibanwa yote, gurudumu litafunga na kuteleza, hasa juu ya changarawe ya lava. Chukudu ikiwa tupu, pedali ibanwe theluthi moja ya nguvu au chini yake.

Fundi_Birere
Na pini ya pedali iwe ya chuma, si ya mti. Mkono wa mara tatu unaivuta pini kwa karibu nyutoni 700, na kwa pini nyembamba ya mti hapo ndipo itakapokatika kwanza.