Kichwa changu hakikuufuata mpira, na yule bwana anajua

Ndugu zangu wa jukwaa, hasa ninyi mnaoishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, naandika nikiwa bado na nyasi kwenye soksi, nimekandamiza mfuko wa njegere zilizogandishwa upande wa kushoto wa kichwa, na sijala. Simtaji jina. Hakuna haja, kwa sababu mnamjua: ni yule yule aliyekabidhiwa upawa kwenye sherehe ya Muungano akagawa pilau kwa kutazama sura, wenye vyeo wakapata minofu na sisi wengine tukapata karafuu. Jioni ya leo mtu huyo alikabidhiwa filimbi.

Kwa walio Dar es Salaam na Mombasa ambao hawajauona mchezo wenyewe, nitaueleza upesi ili nifike kwenye kichwa changu. Kikiboli ni besiboli isiyo na gongo. Mrushaji anakubiringishia mpira mwekundu wa raba, upana wake sentimita 25 hivi, nawe unaupiga teke na kukimbia kutoka kituo hadi kituo, mita 18 kila kipande, mpaka umerudi nyumbani ulikoanzia. Ulibuniwa Cincinnati yapata mwaka 1917 kwa ajili ya watoto wa viwanja vya michezo, nao wakaucheza kwa amani miaka 80, mpaka mwaka 1998 watu wazima wa hapa hapa Washington, wenye shahada zao na kazi zao, walipouchukua, wakauundia chama na kuutungia kanuni. Baada ya hapo ligi zimeota kama uyoga. Yetu ni moja tu kati ya hizo, inacheza kila Jumatano jioni, na timu zenyewe ndizo hutoa waamuzi kwa zamu. Ndiyo maana filimbi inaweza kumwangukia yeyote, hata yule.

Sasa sikilizeni. Katika kikiboli mlinzi anaruhusiwa kumtupia mpira mkimbiaji aliye njiani kati ya vituo, na akimpata, mkimbiaji ametoka. Anaruhusiwa kumpiga chini ya mabega. Narudia kwa faida ya yule bwana: chini ya mabega. Akimpiga kichwani, mkimbiaji hatoki, bali anapewa kituo alichokuwa akikikimbilia.

Basi tulikuwa kwenye nyasi za karibu na jengo la kumbukumbu ya Lincoln, zile ambazo mabata bukini wamezigeuza choo, mzunguko wa tano ambao ndio wa mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja, wenzetu wawili wameshatoka, nami nimesimama kituo cha pili. Mwenzangu akaupiga mpira kwa teke ambalo sijaliona tangu nihamie Marekani. Nikaondoka kituo cha pili kama mtu aliyesikia konda wa daladala ya mwisho ya Mbagala akigonga bati. Nilikuwa nimebakiza hatua tatu, nasema hatua tatu, kufika kituo cha tatu, ndipo mlinzi mmoja, kijana mwenye mikono mirefu kama makasia ya ngalawa, alipoutupa mpira ukanipata hapa juu ya sikio, kwa mlio ambao watalii waliusikia wakadhani ni fataki za tarehe 4 Julai zilizochelewa kulipuka. Miwani yangu ilielekea Virginia na mimi nikaelekea Maryland. Lincoln mwenyewe, ambaye amekaa kwenye kile kiti cha marumaru tangu mwaka 1922 na ameona mengi, naamini alitaka kuinuka.

Nikasimama, nikajikung'uta, nikatembea kwa heshima kwenda kwenye kituo changu cha tatu. Yule bwana akapuliza filimbi na kutangaza kwamba nimetoka, na mchezo umekwisha. Nikamwambia kwa upole, "Kaka, ni kichwa." Naye, mbele ya wachezaji 22 na mbwa wa mtu mmoja, akanijibu kwa Kiswahili ili niumie peke yangu: "Dada, mpira ulikuwa unajipitia zake. Kichwa chako ndicho kilichoufuata."

Kichwa changu ndicho kilichoufuata. Yaani kichwa hiki, chenye miaka 41 na watoto wawili, kilitoka Silver Spring kikapanda treni ya laini nyekundu, kikabadilisha Metro Center, kikashuka Foggy Bottom na kutembea juani, yote hayo kuja kuutafuta mpira wa raba uliokuwa unajipitia zake.

Halafu akanisomea kwenye simu ile kanuni ndogo isemayo kwamba mkimbiaji akiinama au akikwepa kwa makusudi, mpira ukampata kichwani, anahesabiwa ametoka. Sikatai kwamba kanuni hiyo ipo. Ninachokataa ni sauti aliyoisemea, na kile kicheko kidogo cha puani ambacho wote mliokula pilau ile mnakifahamu. Naomba jukwaa liniambie kama mtu wa namna hii anastahili kupewa tena kitu chochote chenye mpini au mlio.

Mpita Njia: Pole sana, dada. Nimeusoma uzi wako mara mbili kwa makini, nikitafuta sentensi moja tu inayosema kwamba hukuinama. Sijaiona. Labda iko upande wa Virginia pamoja na miwani.

Mkazi wa Mbagala: Kwanza nishukuru daladala yetu kutajwa ughaibuni. Pili, nimesoma maelezo yote, na mchezo huo ni rede iliyotozwa ada. Huku kwetu wawili wanarusha, mmoja anakwepa katikati huku akijaza chupa mchanga, na mchezo wote unagharimu soksi moja kuukuu iliyosokotwa mpira. Ninyi mnapanda treni mbili kwenda kupigwa.

Mwenye Uzi: Kaka wa Mbagala, rede usinifundishe. Nimecheza rede Magomeni tangu darasa la pili mpaka kidato cha nne, na waulize wote wa mtaa ule: nilikuwa najaza chupa na kuimwaga kabla mpira haujanigusa hata pindo la gauni. Hakuna aliyewahi kunipiga kichwani.

Mpita Njia: Waheshimiwa, shahidi ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kuulizwa. Mtu aliyekwepa mipira kwa miaka kumi hajui tena kusimama wima mbele ya kitu kinachoruka. Akiona cha duara kinakuja, magoti yanapiga kura kabla ya akili. Rede ikishakuingia haitoki, na kwa bahati mbaya kinachokupa ushindi Magomeni ndicho kinachokutoa Washington.

Mwenye Uzi: Sijauliza habari za utoto wangu. Nimeuliza kuhusu mtu anayemwambia mama wa watoto wawili kwamba kichwa chake kimefuata mpira. Tafadhali tubaki hapo.

Mgeni Mpya (amejiunga leo, ujumbe wa kwanza): Aliinama.

Mwenye Uzi: Karibu sana jukwaani, kaka. Naona umeweka upawa chini ukapata nafasi ya kuandika.

Mzee wa Buguruni: Binti yangu, mimi sijui kikiboli, lakini Kiswahili chako kimenyooka kuliko mbio zako. Endelea kuandika, na kukimbia waachie wengine.

Mchezaji wa Akiba: Dada ana haki ya kukasirika, ila kuna jambo kubwa kuliko kichwa chake na nashangaa hakuna anayelisema. Katika ligi nyingi za hapa, uwanjani wanasimama walinzi 11, na kanuni inadai wanne kati yao angalau wawe wanawake. Mimi ndiye mwanamke wa nne. Siitwi kwenye mazoezi, siitwi kwenye picha, lakini Jumatano saa kumi na moja jioni, nikiwa na mtoto mgongoni na chungu jikoni, simu inalia kwamba mchezo utaahirishwa nisipofika. Nafika. Wananiweka nyuma kabisa ya mpigaji, mahali ambapo mpira haujawahi kufika tangu dunia iumbwe, nasimama saa nzima kama mlingoti, kisha wanasema asante kwa kujitolea. Juzi nilibeba kisu na kumenya vitunguu hapo hapo.

Mama Watoto: Mchezaji wa Akiba, umesema kweli tupu. Mimi nilikuwa wa nne msimu uliopita, tena nilitozwa ada sawasawa na mrushaji. Nilipoomba angalau nipewe kituo cha kwanza, nahodha akaniambia kituo cha kwanza kinahitaji uzoefu. Uzoefu wa nini? Wa kudaka mpira mkubwa kama tikiti maji?

Mwenye Uzi: Dada zangu, nawaelewa na nawaunga mkono, lakini naomba kuwakumbusha kwamba nilipigwa kichwani.

Wa Kilimani: Nyinyi mnalalamika mkiwa na kanuni zilizoandikwa. Hapa Nairobi tuna mpira wetu wa Jumapili wa wazee waliopita umri wa kuchezea timu yoyote, na refa ni mwenye mpira. Ni mfupi, ana kitambi, anacheza namba tisa huku filimbi iko mdomoni, na akipokonywa mpira anapuliza. Mwezi jana nilimpita kwa haki kabisa, akapuliza, nikauliza kosa ni lipi, akasema nimempita kwa dharau. Tulipogoma aliuchukua mpira akautia kwenye buti la gari na kwenda kanisani. Watu 19 wazima, wengine wana wajukuu, tulibaki uwanjani tukitazamana.

Mkazi wa Mbagala: Huyo anayesema "umenipita kwa dharau" na huyo anayesema "kichwa kiliufuata mpira" lazima wamezaliwa mama mmoja.

Mpita Njia: Tusiache swali letu. Dada, uliinama au hukuinama? Neno moja linatosha.

Mwenye Uzi: Neno moja halitoshi. Kuna kuinama na kuna kupunguza urefu kutokana na mwendo. Mtu akikimbia kwa kasi, mwili hulala mbele kidogo, hata farasi hufanya hivyo. Ikiwa katika kulala huko bega lilishuka na kichwa kikapita mahali ambapo bega lilikuwapo muda mfupi uliotangulia, hilo ni suala la maumbile na si la filimbi.

Mpita Njia: Ahsante. Nimeridhika.

Mgeni Mpya (amejiunga leo, ujumbe wa pili): Magoti yaligusa nyasi.

Mwenye Uzi: Yaligusa nyasi BAADA ya mpira kunipata! Ninyi wote ni mashahidi kwamba mtu huyu ananifuata mpaka huku, kisha mimi ndiye naambiwa kichwa changu kinafuata vitu!

Mrushaji Mstaafu: Kwa kuwa nimewahi kuamua michezo hii, nisaidie kidogo. Kumwona mtu ameinama ni jambo la kufumba na kufumbua, na mwamuzi huwa anatazama pia mguu wa kituoni, mpira na mlinzi. Mara nyingi unakisia tu. Lakini kosa la huyu bwana ni kueleza. Mwamuzi hapaswi kutunga methali. Anapuliza, anaonyesha kidole gumba, anatazama pembeni. Nililoacha ligi kwa ajili yake mimi ni fulana. Niliagiza ya saizi kubwa, nikaletewa ya mtoto wa darasa la tano, nikacheza msimu mzima tumbo likiwa nje mbele ya wageni wa nchi za watu wanaokuja kupiga picha. Nipo kwenye albamu nyingi huko Ulaya.

Mama Watoto: Na za kijani zinachuja rangi. Shuka zangu nyeupe zote sasa zina rangi ya mlenda.

Shangazi wa Silver Spring: Wanangu, nimechelewa kuuona uzi huu, nilikuwa kazini. Mmelitaja pilau la Muungano, nami ndiye niliyelipika, kilo 20 za mchele, usiku kucha, kwa hiyo nina la kusema. Karafuu zilikuwa za kutosha kwa sababu pilau ni karafuu. Mgawaji alinidhulumu mimi kwanza, kwa kuwa mpishi nilibakiziwa ukoko. Hilo nililisamehe. Ambalo sijasamehe ni sufuria. Sufuria langu kubwa, lile nililokuja nalo kutoka Kariakoo likiwa ndani ya sanduku na nguo zimejazwa ndani yake, halijarudi tangu siku ile. Kila mtu namuuliza, kila mtu ananiambia lilikuwa kwa fulani.

Mchezaji wa Akiba: Shangazi, mimi nililiona likipakiwa kwenye gari jeusi.

Wa Kilimani: Nani ana gari jeusi hapo kwenu?

Mama Watoto: Kuna mtu mmoja tu ninayemfahamu, na leo alikuwa ameshika filimbi.

Mwenye Uzi: Nilisema mimi! Nilisema tangu mwanzo! Sasa turudi kwenye lile neno aliloniambia, kwamba kichwa changu...

Shangazi wa Silver Spring: Ngoja kwanza, mwanangu. Kichwa chako unacho. Arusi ya mtoto wa dada yangu ni mwezi ujao na sina chombo cha kupikia.

Mgeni Mpya (amejiunga leo, ujumbe wa tatu): Shikamoo, shangazi. Sufuria liko salama. Nitalileta Jumatano uwanjani.

Shangazi wa Silver Spring: Marahaba. Lije na mfuniko wake, na liwe limeoshwa.