Jongoo?! Vanila ya shangazi imesagwa kwenye sinki na mtu mnamjua wote humu

Wakuu msinisalimie, siko sawa. Naandika hapa mikono inatetemeka na sinki linanukia kuliko nyumba nzima.

Simtaji. Wa Minneapolis wote mnamjua, yule wa kutupa funguo za gari katikati ya meza kabla hajakaa, yule wa "mimi niko huku toka enzi za Clinton". Kwa balaa langu ni mkwe, baba mdogo wa wife, kwa hiyo nilikuwa nimefungwa mdomo.

Iko hivi, shangazi yangu wa huko Muleba, Kagera, ana vanila shambani na kama hujui vanila inavyotesa basi tulia, ua linachanua siku moja tu, unalichavusha kwa mkono na kijiti, ua moja moja, halafu unangoja kama miezi tisa, unachuma, unachovya maji ya moto, unavundika, unaanika majuma kwa majuma, na kilo tano sita mbichi zinakupa kilo moja kavu. Shangazi ana miaka kama mia nne na bado anachavusha. Akanipa TANO kavu, maganda meusi membamba. Nimesafiri nazo nimezikumbatia kama kichanga.

Tatu nikatia kwenye bia nyeusi ninayopika besimenti, lita 19. Nimezipasua, nimekwangua mbegu, nimeloweka kwenye vodka siku nne, nikatia bia ikiwa imeshamaliza kuchachuka maana ukizichemsha harufu yote inakwenda kwa jirani. Mbili nikaziacha kwenye vodka, kichupa pembeni ya sinki, za mzigo unaofuata.

Jana wageni wanakunywa, wanasifia, kuna mmoja alinikumbatia akalia. Kumbe mheshimiwa yuko jikoni. Kafungua kichupa, katia VIDOLE, kainua vanila ya shangazi juu kama polisi mwenye kidhibiti: "Jamani, kumbe tunanyweshwa jongoo?"

Jongoo!

Kabla sijafika, zote mbili ndani ya sinki, kawasha ile mashine ya kusagia mabaki. Krrrrrr. Watu waliokuwa kwenye glasi ya tatu ghafla matumbo yanawauma. Wife kacheka mpaka kakaa chini. Nimelala nasikia krrrrr. Jongoo ana miguu wakuu, vanila ina miguu??

kisoda_cha_tatu: Chai.

Mleta uzi: Chai wapi mkuu, njoo unuse sinki.

kisoda_cha_tatu: Chai ya vanila basi.

Mama Mbege: Tatu kwa lita 19? Mbili zinatosha sana mwanangu. Hiyo haikuwa bia, ilikuwa keki. Huyo mzee kakuokoa.

Mleta uzi: Mama shikamoo ila jongoo mama. JONGOO. Mbele ya watu.

omwana_wa_ziwa: Mhaya mzima unaloweka vanila kwenye vodka ya wazungu. Rubisi ni ndizi, nyasi za kukamulia, mtama, kesho yake mnakunywa, hakuna wa kukuita jongoo. Umesahau kwenu, acha isagwe.

Mzee wa Mashina: Mimi msinitajie vanila kabisa. 2018 bei ya dunia imefika kama dola 600 kwa kilo nikang'oa kahawa nikapanda, yangu imekuja kuzaa bei iko chini na dalali hapokei simu. Jirani naye anachuma mbichi usiku shambani kwangu. Wewe unalilia vijiti viwili??

kisoda_cha_tatu: Mzee kang'oa kahawa 😂😂 uzi umepata mwenyewe.

Mzee wa Mashina: Cheka tu, na wewe dalali atakupata.

Dada_wa_Brooklyn_Park: Ngoja, funguo mezani? Enzi za Clinton? Huyo si ndo aliazima ndoo yangu ya kuchachushia ile yenye bomba, ikarudi inanuka dagaa! Kila bia nikipika inatoka na ladha ya Mwanza.

kisoda_cha_tatu: Afadhali yako ilirudi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye jongoo.

Mama Mbege: Sufuria langu la ubwabwa lilienda msibani mwezi wa nne mpaka leo. Namba 40, na mfuniko. Najua mko humu.

omwana_wa_ziwa: Mama lile lenye bonde ubavuni?

Mama Mbege: Ndiyo hilohilo! Liko wapi?

omwana_wa_ziwa: Sijasema nimeliona. Nimeuliza tu.

Dada_wa_Brooklyn_Park: Na cooler box la bluu, mwenye nalo alirudishe, nilikopesha kwenye graduation.

Mleta uzi: Krrrrr wakuu. Krrrrr.

Mzee wa Mashina: La bluu lenye magurudumu? Hilo langu.