Gemu mpya kwenye NES ya zamani: nicheze ipi na wanangu?

BabaWawili: Wakuu, habari zenu. Nina NES, mashine ya gemu ya Nintendo, ya tangu utotoni, bado inawaka. Mwezi uliopita niliitoa kabatini niwaonyeshe wanangu, wa miaka 9 na 6. Kaseti zangu za zamani wamezichoka siku ya pili, maana ukifa mara tatu unarudi mwanzo kabisa. Sisi tulivumilia kwa vile hatukuwa na kingine! Juzi nikasikia kuna watu hadi leo wanatengeneza gemu mpya za mashine hizi. Nianze na ipi tucheze watatu? Pia, mkubwa akiruka shimo anatumbukia kila mara, anaapa kwamba amebonyeza mapema. Nikajaribu mwenyewe, nikatumbukia. Pedi ya kuchezea nimeifungua nikaisafisha, wapi.

Kichogo77: Mtoto hasemi uongo. Bila shaka unatumia TV bapa. Ikipokea picha ya mashine ya zamani, huanza kuichakata na kuikuza ndipo ikuonyeshe, kwa hiyo unachokiona kimeshapita. Shimo unaliona mbele, kumbe umeshalifikia. Washa modi ya gemu kwenye mipangilio, itapunguza. Dawa yenyewe ni TV ya kichogo, huchora mstari kwa mstari kadiri inavyopokea. Na ile bastola ya plastiki kama unayo, kwenye TV bapa iache tu, haitalenga kitu.

MamaPikseli: Micro Mages, ya 2019. Vichawi vidogo vinapanda mnara, mnacheza hadi wanne kwa pamoja. NES ina matundu mawili, hivyo pedi ya tatu itataka adapta ya kugawa. Gemu nzima ni kilobaiti 40! Picha moja ya simu inaizidi mara nyingi. Kwangu tulianza kwa kugombana, kila mtu anakimbilia juu na kuwaacha wenzake chini. Siku ya tatu wakaanza kusubiriana bila kuambiwa.

fundi_kimya: Tahadhari moja. Adapta ya umeme iliyokuja na NES hutoa umeme wa aina ya AC. Usije ukaichomeka kwenye Mega Drive, ile mashine ya Sega, yenyewe inataka umeme wa DC, utaiunguza. Na msipulize kaseti, mate yanaozesha meno yake. Pamba ya masikioni na alkoholi kidogo, acha ikauke.

BabaWawili: Fundi, nimepuliza miaka yote hiyo...

fundi_kimya: Sote tulipuliza.

Kadi_ya_Memori: Kabla hujanunua kaseti, tafuta za bure. Nova the Squirrel ni ya NES, faili lake linapatikana bila malipo. Unalitia kwenye kaseti ya kadi ya memori, mashine inalisoma kama kaseti ya kawaida. Mkishazoea, mpe mkubwa GB Studio, programu ya bure ya kutengenezea gemu za Game Boy, ile mashine ya mkononi, bila kuandika msimbo. Binti yangu alimchora paka anayetafuta kiatu. Gemu ya dakika mbili, ina mlango usiofunguka, lakini tulipoiona kwenye Game Boy yenyewe hakulala.

BabaWawili: Mrejesho, wakuu. Shemeji alikuwa na TV ya kichogo stoo, tumeibeba watu wawili. Mkubwa karuka shimo mara ya kwanza tu. Mdogo naye karuka. Kisingizio cha TV kimekwisha, na anayetumbukia ni mimi.