Mrejesho: betri ya pili ya boti sasa inachaji

Wakuu, niliuliza kwa nini betri ya pili ya boti yangu ya matembezi, ile ya taa na friji, haipati chaji injini ikinguruma, ilhali ya kuwashia iko sawa. Rilei, yaani swichi ya umeme inayojiendesha yenyewe, huziunganisha betri mbili volti zikifika kama 13.3 na kuzitenganisha zikishuka 12.8, ili ya kuwashia ipate chaji kwanza. Kumbe rilei nzima kabisa! Waya wake mwembamba wa hasi, ambao bila huo rilei haifanyi kazi, ndio uliooza: nilipoumenya, shaba ilikuwa unga wa kijani. Chumvi ya huku Kilifi haina huruma. Nimeweka waya uliopakwa bati, mita inasoma 14.1 kwenye betri zote mbili. Aliyenisihi nipime kabla ya kununua rilei mpya, asante sana ndugu yangu.